Doa Chini ya Jicho

Miaka thelathini na moja sasa, kila Ijumaa, Roswitha Debus hukalishwa kwenye kiti cha dirishani, nyumbani kwao Wetzlar, Ujerumani, futi kamba ikinyooshwa kutoka puani pake hadi kwenye kamera ya mtu mwingine: mita moja kamili. Mumewe, Gernot, ni fundi wa kamera za zamani, zile ambazo kidirishani unaona sura mbili, ukazungusha lenzi mpaka ziwe moja. Kila anayoitengeneza huijaribu kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, na shabaha yake ni kope za mkewe. Filamu ikishasafishwa anapewa mwenye kamera, iwe ushahidi kwamba kamera imepona. Yaani kuna wanaume huko Hamburg wana kope za Roswitha kabatini, na yeye mwenyewe hana hata picha moja. Makubwa haya!

Ijumaa hii alikuwa hoi. Tangu Jumanne alikuwa na majibu mabaya ya hospitali, na mdomo ulikataa kuyatoa. Akajiambia, leo akinitazama vizuri, nitasema.

"Usitikisike, bibie."

"Nimetikisika lini, mzee? Si mimi nguzo yako?"

"Nguzo haijibu watu."

Gernot akapiga picha sita, akaingia chumba cha giza kusafisha filamu. Roswitha akaenda kumenya viazi.

Baadaye Gernot akatoka akinung'unika. "Maji ya bomba haya! Yameacha doa chini ya jicho. Naosha tena."

Akaosha, akarudi. "Halitoki ng'o. Nimetumia hata maji yasiyo na chumvi ya duka la dawa."

Roswitha alitamani kumrushia kiazi. Mtu anakutazama miaka yote hiyo, anaona kope tu!

Mara ya tatu alisimama mlangoni, filamu ikimchuruzikia maji mikononi. Sauti ilikuwa imempungua. "Picha ya tatu, doa liko kwenye kope. Ya nne, shavuni. Ya sita limefika mdomoni."

"Ehe."

"Doa la maji halitembei, Roswitha."

"Halitembei."

Akavuta kiti, akakaa hadi magoti yao yakagusana. "Ulikuwa unalia mbele yangu, na mimi nakwambia usitikisike."

"Ni titi la kushoto," Roswitha akasema. "Wanalikata Jumatatu."