Turubai Moja, Mvua ya Mawe

Krismasi ya kwanza baada ya mama kufariki, kaka alipanda kutoka mjini, Njiro, na watoto wake wawili ili tujengee kaburi lake. Nyumbani kwetu ni juu, kwenye mteremko wa Meru, na kaburi liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa. Mchungaji alikuwa ameahidi kupita siku ya pili ya sikukuu aliombee. Kaka alitaka alikute limekamilika na zuri. Hakuwepo mama alipokata roho, na nadhani kaburi lile kwake lilikuwa na maana zaidi kuliko alivyosema.

Mimi ndiye niliyebaki na mama. Niliishia darasa la saba, sikwenda popote. Nilimuuguza miaka miwili, na hata baada ya mazishi niliendelea kushtuka alfajiri ili nikamgeuze, wakati kitanda chake kilishatolewa. Sisemi hivi nisifiwe. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ule haukuondoka na waombolezaji.

Fundi alimaliza mkesha wa Krismasi, saa sita mchana. Juu alipiga niru, ile simenti laini, mpaka ikang'aa kama sahani. Akamwangalia kaka akiruka matope.

"Bosi, hivyo viatu ungeviacha Njiro vilinde nyumba."

"Wewe maliza kazi," kaka akamjibu, lakini alicheka.

Alipokuwa anaondoka kwenda kula sikukuu kwao, fundi aliniambia mimi, si kaka: "Dada, mvua ikija leo, lifunike. Likishalala mpaka kesho halina shida."

Nikamwambia turubai lipo. Lilikuwepo moja, la bluu, limekunjwa barazani.

Saa nane hivi mlima ukafunikwa na mawingu, upepo wa baridi ukashuka. Kaka alikuwa ndani, anaongea na simu. Nilichukua turubai nikakimbia. Kwetu, tangu tukiwa wadogo, mvua ikianza mtu hafikiri, anafunika kahawa. Mama alikubali sisi tulowe, na nguo kwenye kamba zilowe, mradi kahawa iliyoko kichanjani imefunikwa. Na ile iliyokuwa inakauka siku hiyo ndiyo ya mwisho aliyoiona ikichanua, kupitia dirishani. Nikaifunika, nikabana pembe kwa mawe, nikaingia jikoni nikakaa.

Nilikumbuka kaburi nikiwa nimeshakaa. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kugonga bati. Ningeweza kuinuka, hata na khanga mbili. Sikuinuka.

Ilipoacha, uwanja wote ulikuwa mweupe. Watoto wa kaka walitoka mbio.

"Shangazi, theluji! Njoo uone!"

Wakavuta maganda ya mgomba, wakayakalia, wakateleza kutoka mlangoni mpaka kwenye zizi. Mdogo alijaza barafu kwenye kikombe akaniletea.

"Shangazi, weka sukari."

"Mwambie baba yako. Yeye ndiye alikuwa anaila mpaka anaumwa meno."

Kaka akatoka peku, suruali ameikunja. Akanitia konzi ya barafu shingoni kama zamani. Nikacheka kidogo, nikaona aibu kwa kucheka.

Kisha yule mkubwa, aliyekuwa ameteleza hadi nyuma ya nyumba, akarudi taratibu. "Baba, kaburi la bibi lina vishimo vishimo."

Tukaenda. Niru yote ilikuwa imedonolewa, toka kichwani hadi miguuni. Kaka alipitisha kidole.

"Huyu fundi ametuibia simenti," akasema, akatoa simu. "Leo atanijua."

Ningenyamaza, ingeishia kwa fundi.

"Usimpigie. Aliniambia nilifunike. Turubai liko kwenye kahawa."

"Ulifunika kahawa."

"Ndiyo."

"Ukamwacha mama."

"Nilikumbuka nimeshakaa. Nilichoka, kaka. Sikuinuka."

Alirudisha simu mfukoni. Watoto walisimama na vikombe vyao, barafu inayeyuka. Afadhali angenifokea.

Krismasi ikapita. Kesho yake mchungaji akaja, akaweka mkono juu ya vile vishimo, akaomba. Watoto walipokuwa tayari garini, kaka alikwenda kichanjani. Akafunua turubai, akaigeuza kahawa kwa kiganja, polepole, alivyotufundisha mama. Akachukua kidogo akainusa.

"Haikulowa," akasema.

Akaondoka. Fundi amesema anaweza kuiparua ile niru akapiga nyingine. Kaka hajasema ndiyo wala hapana, nami sijamuuliza. Kila Jumamosi nafagia pale. Ufagio hautoi vumbi kwenye vishimo, kwa hiyo nakaa chini na kuvisafisha kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka mgongo unakataa.