Bakuli la Peke Yangu

Majuzi nilipita Kwihara kumwona shangazi, nikamkuta anachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Harufu ilipofika puani, rafiki yangu, nikarudi jikoni kwa bibi, nikiwa na miaka kama minane, nimechuchumaa pembeni, namkodolea macho kila anayepita.

Nilikuwa mtoto wa kushuku. Nilizaliwa na virusi vya Ukimwi, ila siku zile niliambiwa nina kifua tu, na dawa ninazomeza asubuhi na jioni ni za kifua. Sikuamini. Kifua gani hakikohoi? Mama alishafariki, na watu wakinitaja walishusha sauti. Hata binamu aliyezaliwa nyuma yangu alinipita kimo, kwa hiyo nguo tulirithishana kinyume: alivaa yeye kwanza, kisha mimi.

Kilichoniuma zaidi ni bakuli. Binamu zangu walikula sinia moja, wakigombania mboga ya mlenda na kucheka. Mimi bibi alinitengea langu, la plastiki, la kijani: ugali, mboga iliyoungwa karanga, na yai kila kuku akitaga. Ungedhani ningefurahi. Siku moja jirani alikuja kuomba chumvi, akalitazama lile bakuli, akanitazama na mimi, kisha akanong'ona kwamba hata yeye angefanya hivyo hivyo, usalama kwanza. Bibi akampimia chumvi yake tu. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: bibi anaogopa mkono wangu kwenye sinia.

Basi nikaanza upelelezi. Nilichungulia kama bakuli langu linaoshwa kando. Likaoshwa na vyombo vingine, nikasema moyoni, anajua namwangalia. Niliacha maji nusu kikombe nione kama atayanywa. Akawamwagia kuku. Hapo nikapata ushahidi, nikagoma. Yai nikampa paka, ugali nikaufukia kwenye mihogo nyuma ya nyumba, kisha nikarudisha bakuli tupu na uso mkavu.

Tulipokwenda kliniki, muuguzi akanipima uzito, akanizungushia utepe mkononi, akakunja uso. Safari hii aliyeshukiwa ni bibi. Aliulizwa mbele ya foleni nzima chakula cha mtoto huyu kinaliwa na nani. Muuguzi akaongeza kwamba nikiendelea kukonda hivi, dawa pekee haziwezi kunisaidia. Bibi, mwanamke ambaye sokoni hakuna aliyemweza kwa maneno, akatazama chini. Kina mama kwenye foleni wakaanza kutazamana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ndipo nikasema, "Mimi sili bakuli la wagonjwa. Bibi ananiogopa."

Bibi aligeuka taratibu. "Mjukuu wangu, wenzako wanakula mbio. Wewe una vidonda mdomoni, ukimeza tonge la pili sinia limekwisha. Nilikutengea ili nione umekula kiasi gani. Ningekuogopa, tungelala shuka moja?"

Mpelelezi hodari mimi, kitandani sikuwahi kupeleleza. Tangu mama afariki nililala nimejibana mgongoni mwa bibi, na asubuhi ndiye aliyenipangusa mate kwa kanga yake.

Siku hiyo nilikula. Yaliyobaki bakulini mwangu bibi aliyakomba kwa kidole, akakiramba, huku akinitazama kwa jicho la pembeni, kama anayesema, haya, shuku na hili. Polepole nikaanza kujaa mwili. Baada ya muda nikapata gauni la Idi lililotoka dukani moja kwa moja hadi kwangu.

Bibi hayupo tena, na jiko lake limebaki udongo. Ukweli wa ugonjwa wangu alinieleza mwenyewe, muda mfupi kabla ya kuondoka duniani. Dawa namezea nyumbani kwangu sasa, na mwili upo. Nikienda harusini nakula pilau sinia moja na wanawake wenzangu, na wengine wanajua hali yangu, wala hakuna anayeogopa mkono wangu. Nashiba vizuri. Ila nikiinuka kunawa, hakuna anayeangalia nimekula kiasi gani.