Leseni ya Mtu Aliyevuka Kabanga

Warundi walipoanza kurudi kwao, ofisi yetu ya dawa pale Ngara ilibaki na kompyuta moja mbovu na bosi mmoja mwenye mawazo mengi. Programu ya kutunza stoo ya dawa ilikuwa imeandikwa na kijana mkimbizi aliyefanya kazi nasi. Aliipa leseni ya wazi: yeyote aichukue, aibadilishe, ilimradi atakachoongeza naye akiachie wengine vilevile. Zahanati za Ngara mpaka Biharamulo ziliitumia bila kumpigia mtu magoti. Kisha kijana akavuka mpaka wa Kabanga kuingia Burundi, kwenda kuangalia shamba la babu yake, na hakuonekana tena.

Bosi aliona programu imekuwa yatima, akajipa ubaba. Alitaka leseni ibadilishwe, programu iwe mali ya ofisi, na kila zahanati ije kwake kuomba. Mimi, niliyejua kompyuta kiasi cha kuwatisha wasiojua, nikamwambia leseni haibadilishwi ila kwa ridhaa ya aliyeiandika. Bosi akacheka. Kama mwenyewe hayupo, alisema, si ana baba? Na kwetu jambo kubwa haliombwi kwa mikono mitupu.

Basi nikafunga dumu la pombe ya ndizi nyuma ya pikipiki, nikaenda Keza kwa baba yake kijana kuomba leseni ya programu kama mtu anayeenda kuposa.

Mzee alipoona dumu alisimama. Shikamoo yangu aliiitikia huku akitazama njia nyuma ya mgongo wangu. Mgeni mwenye pombe haleti habari mbaya, kwa hiyo alidhani nimemletea mwanawe. Nilimlaani bosi kimoyomoyo, nikajieleza: kuna kazi ambayo kijana aliiacha, tunataka kubadili masharti yake, na kwa kuwa hapatikani, baba anaweza kukubali kama mrithi.

Alikunywa kwanza, pombe haikuwa na kosa.

"Baba hamrithi mtoto aliye hai," alisema. "Nikikubali, nimemzika."

Nikamwomba radhi. Baadaye aliniuliza kama mwanawe aliacha neno lolote humo kwenye kompyuta. Nikakumbuka kwamba waandishi wa programu hujiachia maneno katikati ya kazi, ya kujikumbusha tu, ambayo kompyuta huyaruka. Programu yetu ilikuwa na ugonjwa wa kutoa karatasi tupu kila mwisho wa ripoti, na pale penye ugonjwa kijana alikuwa ameandika: hapa pana kasoro, nitarekebisha nikirudi.

Nilipomwambia maneno hayo, mzee alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Basi pasiguswe," alisema. "Mwenyewe amesema anarudi."

Akanimiminia kikombe, tukanywa mpaka jua likapoa.

Leseni ikabaki ilivyokuwa. Karatasi tupu nazo ziliendelea kutoka, na bosi alizinung'unikia kila mwisho wa mwezi, akiniuliza mtaalamu gani mimi. Kasoro yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja tu wa programu. Nilijua ni upi, na sikuugusa.