Aliyekaa Nyuma ya Kitambaa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja unaweza kunichukua jioni nzima. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, na ukiona hayakuingii akilini ujue hata mimi bado hayajaniingia.

Kazi yangu ni kufunga projekta. Nakaa Katoro. Mtu akiwa na harusi, mahubiri ya uwanjani au mechi ya kuonyesha, ananiita, nabeba mashine yangu, kompyuta na spika, napanda bodaboda. Ni kazi ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Picha inatoka dakika chache, lakini kuvuta waya, kutafuta umeme na kungoja giza kunamaliza siku nzima.

Siku hiyo niliitwa na kijana anaitwa Doto, kijiji cha ndani huko, upande wa kuelekea Bulyanhulu. Kama unawajua Wasukuma, jina limeshakwambia: Doto ni pacha, na pacha wake ni Kulwa. Kulwa alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akichimba lilititia akiwa chini, wenzake wakafukua mpaka wakashindwa, na mwili haukupatikana. Ukoo ulikaa matanga. Siku ya kunyoa nywele ilipofika, ile ya kumaliza msiba, mama yao alikataa kunyolewa. Alisema, "Sijamwona. Ninyolewe kwa ajili ya nani?" Akabaki na nywele za msiba mvua mbili. Hakuenda sokoni, hakuimba kanisani, hakumshika hata mtoto wa jirani.

Sasa Doto alikuwa na video za Kulwa kwenye simu ya zamani. Akafikiri mama akimwona mwanawe kwa ukubwa, anatembea, anacheka, huenda moyo ukakubali, na asubuhi yake wazee wamnyoe. Ndiyo maana akaniita. Alinieleza hivi: "Mdogo wangu, kesho akikataa tena, mama hatafika masika. Hali chakula."

Nilifika jua limeanza kupoa. Nilipofungua mzigo nikakuta kitambaa changu cha kuonyeshea picha nimekisahau Katoro. Mimi ni mtu wa aibu, nilizunguka ule ua muda mrefu kabla sijathubutu kumwomba mke wa Doto shuka jeupe. Alikuwa ameolewa pale baada ya msiba, bado mgeni wa nyumba. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kipya kabisa, kimekunjwa vizuri. Nikakitundika kati ya miti miwili, nikakivuta kisiwe na mikunjo. Sikuuliza ni cha nini. Nani angeuliza?

Jenereta lilikuwa na mafuta kidogo, ya kujaribia tu. Doto akapanda pikipiki kwenda kuongeza. Alivaa shati la buluu, nalikumbuka vizuri. Giza lilikuwa linaanza kuingia, wanawake wako jikoni, wazee wamekaa upande wa zizi.

Nikachomeka waya na ile simu aliyoniachia Doto, nikawasha. Kulwa akatokea kitambaani anacheza ngoma kwenye harusi ya mtu, anafanana na Doto mpaka meno. Lakini picha ilikuwa imegeuka. Maandishi ya fulana yake yalisomeka kinyume, kama unayasoma kwenye kioo.

Mzee mmoja akacheka. "Kijana, hiyo mashine imelewa?"

"Nairekebisha, babu."

Projekta ina sehemu ya kuchagua kama watazamaji wako mbele ya kitambaa au nyuma yake. Nikachukua rimoti, nikachagua mbele. Picha ikakaa sawa, kisha ikageuka tena. Nikarudia. Ikageuka. Nikazima, nikachomoa waya, nikaanza upya, na bado mashine ilikuwa inaonyesha kwa mtu wa nyuma. Nilikuwa nimechoka, njia yote ile ya vumbi, sijala. Nikaamua niende nyuma nione labda upepo unakikunja kitambaa.

Nyuma ya kitambaa alikuwa amekaa Doto juu ya karai lililopinduliwa.

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilishangaa tu kwamba amevua shati na amejaa tope la kijivu hadi kwenye kope.

"Kaka Doto, umerudi? Sijasikia pikipiki."

Alikuwa anatazama picha, na mwanga unapita kitambaani na kumwangukia usoni. Akasema taratibu, kama mtu aliyetoka kwenye kazi ngumu, "Huku naona vizuri. Usigeuze."

"Lakini wenzako mbele wanaona kinyume."

"Wao wamezoea kuona." Akashika pindo la chini la kitambaa, akalivuta mpaka miguuni kwake. "Mwambie mayu kinanitosha. Kinanifika miguuni. Aache kukikunja na kukikunjua, amechoka. Na mimi nimechoka."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nikamuuliza, "Si umwambie mwenyewe? Yuko jikoni pale."

"Siwezi kuvuka huko," akasema, akaonyesha kitambaa kwa kidevu.

Hapo nikasikia pikipiki. Ikaingia uani, ikazimwa, na sauti ya Doto ikaita kutoka mbele, "Fundi, uko wapi? Mafuta haya hapa." Nikachungulia pembeni ya kitambaa. Doto amesimama na dumu mkononi, shati lake la buluu limefungwa vifungo hadi shingoni. Nikageuka nyuma. Karai lipo. Mtu hayupo.

Nikashika mti, sikuuachia. Doto alikuja kunivuta, akadhani nimepigwa na umeme. Kabla sijapata neno, mama yao akatoka jikoni. Hakutazama picha. Alitazama kitambaa.

"Nani ametoa sanda ya mwanangu?"

Hakupaza sauti. Mke wa Doto akapiga magoti palepale. "Mayu, nisamehe, sikujua." Ndipo nilipofahamu. Mama alinunua sanda akingoja mwili, na kila jioni alikuwa anaitoa sandukuni, anaikunjua, anaikunja, anairudisha. Nami nimeitundika mtini.

Mimi si msemaji, mnaonijua mnajua. Lakini nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, nikamweleza yote, nikiangalia chini. Nilipofika kwenye neno la kumfika miguuni, akanishika mkono.

"Amesema kinamfika?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikipima kwa huyu," akasema, akimwonyesha Doto. "Usiku akiwa amelala. Sikuwa na mwingine wa kupimia. Nikawa nahofia, maana Kulwa alimzidi kidogo urefu."

Doto akafunika uso. "Mayu, hukuniambia."

"Ningekuambiaje, baba?"

Mama akazunguka nyuma ya kitambaa peke yake. Alipotuita, alikuwa ameshika lile pindo. Lilikuwa na tope la kijivu, bichi, alama za vidole zinaonekana. Ilikuwa kiangazi, kijiji kizima hakina tope. Wachimbaji waliokuwepo walilijua: ni tope la chini kabisa ya duara.

Mama akakaa mbele na watu wote. "Onyesha," akaniambia. "Na usigeuze."

Tukamtazama Kulwa akicheza kinyume, akicheka kinyume, mpaka video zikaisha. Hakuna aliyesema mashine imelewa. Mama alilia, kisha akaomba uji.

Asubuhi kile kitambaa kilikunjwa tope likiwa ndani, kikazikwa pembeni ya mji wao. Kisha mama akainamisha kichwa, wakamnyoa.

Tangu siku hiyo, nikifunga kazi mahali palipo na msiba wa mtu ambaye hakuonekana, picha huanza kwa kugeuka. Sihangaiki na rimoti tena. Naweka kiti nyuma ya kitambaa, narudi mbele, nangoja, na baada ya muda picha hukaa sawa yenyewe. Siendi kuchungulia. Usingizi wangu umekuwa mwepesi, na kila nikiona shuka jeupe kwenye kamba navuka upande wa pili.

Wewe unayesoma, ukiazima kitambaa cheupe kwenye nyumba yenye msiba, uliza kwanza kinamngoja nani. Na kama upo fundi mwenzangu ambaye picha imewahi kukugeukia namna hii, tafadhali niandikie unieleze ulifanya nini. Mwandiko wako ukiwa mbaya usijali, nitausoma polepole.