Wasiwasi wa Fundi wa Maleba

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikikuona ukizungukazunguka kwa wasiwasi na hizo nguo za igizo la watoto wa kanisa, inanirudia yote. Usiniambie umemaliza. Sikiliza kwanza.

Nilikuwa msichana, najifunza kushona kwa Mama Mukami, fundi wa maleba, yaani nguo za ngoma na maigizo, pale Karurumo. Mdogo wangu Wawira alichaguliwa kuongoza ngoma ya shule yao kwenye mashindano mjini Embu. Wawira alikuwa na kigugumizi, darasani walimcheka, na kucheza ndicho kitu pekee alichojivunia. Nikasema vazi lake nitalishona mwenyewe. Nikalibana kiunoni, nikalijaza shanga, nikamsimamisha mbele ya kioo. Alipendeza, jamani.

Asubuhi ya mashindano tukapitia kwa Mama Mukami atuone. Hakusifu.

"Wawira, hebu cheza," akasema.

"Hapa dukani, Mama?" nikauliza.

"Kwani huko anaenda kusimama?"

Wawira alichuchumaa mara moja tu, mshono wa mgongoni ukaachia, shanga zikamwagika sakafuni. Mtoto akalia. Mimi nikashika sindano, uzi ukakataa kuingia. Mama Mukami akafumua, akaongeza kitambaa mgongoni na kwapani, akapunguza shanga, kisha akamchezesha tena: ruka, inama, inua mikono. Gari la shule lilikuwa linapiga honi nje, na yeye bado anamwambia ruka.

Uwanjani sikutulia. Nilisimama na sindano mkononi, Wawira akiruka na roho yangu inaruka. Mama Mukami, aliyekuja nasi, alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma. Nikamwuliza kama haogopi.

"Niliogopa asubuhi," akasema. "Sasa natazama ngoma."

Wawira alishangiliwa mpaka mwisho. Watu walimtaja yeye, vazi hakuna aliyelitaja. Iliniuma, nakwambia ukweli, na nilichukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hivyo, mwanangu, anayeshona kwa kujifurahisha hutosheka nguo ikipendeza kwa mtu aliyesimama. Fundi huuliza huyu mtu atafanya nini akiwa ameivaa. Wasiwasi wako siutaki uishe, nataka uutumie leo, hapa mezani. Waite hao watoto, wapige magoti, wakimbie, waanguke kama igizo linavyotaka. Panapochanika, shona upya. Mungu aibariki mikono yako, na kesho mtoto wa mtu asiaibike mbele ya watu kwa sababu yako.