Mbio za Kichwa Wazi

Watu wananiuliza nakula nini hata nikawa hivi, mzee wa umri wangu ambaye bado anapanda ngazi bila kushika ukuta. Nawajibu kwamba nakula wanachokula wao, ila mimi nakimbia. Jibu hilo hawalipendi. Wangependa niwatajie mzizi fulani wa kuchemsha, wanywe vikombe vitatu, kisha warudi kulala.

Nilianza kukimbia enzi za Mwingereza, nikiwa kijana wa useremala huko Keko. Vumbi la mbao lilikuwa limeniharibu kifua. Nilikohoa mpaka wenzangu wakawa wanaweka vikombe vyao mbali na changu. Dresa, msaidizi wa daktari pale zahanati, aliniambia kifua kinataka hewa safi na mwili unaotoka jasho. Mimi sifanyi jambo nusunusu. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilikunja suruali nikatoka Temeke, nilikokuwa naishi na mama, nikakimbia mpaka kazini. Siku ile nilifika nikatapika mlangoni, na fundi mkuu akanifukuza nikanawe. Baada ya miezi michache kikohozi kilikwisha, nami nikawa nakimbia mpaka Magomeni na kurudi kwa raha tu ya kujisikia mzima. Nilijipenda, sitaficha. Nilikuwa napita mbele ya vijana wenzangu waliokaa na sigara zao, na mwendo naongeza makusudi.

Simu siku hizo zilikuwa za maofisini, na sisi Waislamu maiti hatumlazi. Mtu akifariki Temeke asubuhi, ndugu zake wa Kinondoni lazima wapate habari upesi ili wawahi mazishi. Baiskeli zilikuwa chache, na kwa mchanga wa vichochoro vyetu watu walizikokota kuliko kuzipanda. Basi wazee wa mtaa waliponiona naenda mbio kila siku bila sababu, wakanipa sababu. Nikawa mpeleka habari za msiba.

Hapo matata yakaanza. Kwetu mtu mzima hakimbii ovyo. Akikimbia, ama ni mwizi ama kuna aliyekufa, na mimi watu walijua si mwizi. Asubuhi moja nilipita Keko kwa ajili ya kifua changu tu, na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amelazwa hospitali akaniona naielekea nyumba yake. Nilimpungia mkono nikapita. Yeye akadhani nimeshindwa kumwambia. Aliangua kilio, majirani wakajaa, majamvi yakatandikwa na sufuria kubwa ikabandikwa. Wakati huo marehemu alikuwa kitandani hospitali anakunywa uji, analalamika hauna sukari.

Wazee waliniita, wakaniamuru niache kukimbia, isipokuwa wakinituma wao. Nilikasirika. Niliwaamkia kwa adabu zote, kisha sikumung'unya maneno.

"Wazee wangu, mie nikiacha kukimbia kifua kitanirudia, na mtanizika. Siku hiyo nyie mtamtuma nani?"

Walicheka, na katika kucheka kwao tukapatana. Nikikimbia na kofia kichwani, kuna msiba. Nikikimbia kichwa wazi, ni afya yangu. Habari ikatangazwa msikitini siku ya Ijumaa, ikasambaa mpaka ng'ambo ya Jangwani. Tangu hapo watu hawakutazama tena miguu yangu, walitazama kichwa. Wakiniona kichwa wazi walinitania, wakiuliza nani kafa leo, nami nilizoea kuwajibu kwamba aliyekufa ni uvivu. Miaka kadhaa ilipita hivyo, na hatukukosea hata mara moja.

Dada yangu, mtoto pekee wa kike wa mama, alikuwa ameolewa Kinondoni. Mama alipoanza kudhoofu, alikuwa na wosia mmoja tu. Siku yake ikifika, maji ya kwanza ya kumwosha amwagiwe na dada, si mtu mwingine. Alisema yeye ndiye aliyemwogesha dada tangu uchanga wake, hivyo na dada amwogeshe yeye mara ya mwisho. Dada aliapa mbele yangu kwamba itakuwa hivyo.

Mama alifariki asubuhi, kama saa mbili, ametoka kunywa chai. Kulikuwa na joto kali, na wazee wakakata shauri azikwe baada ya adhuhuri. Basi la kwenda upande wa Kinondoni lilikuwa limeshapita. Nilimwomba bibi aliyekuwa mkubwa wa waoshaji amngoje dada. Alikuwa na moyo mzuri, lakini mchezo na saa hakuwa nao. Aliniambia watangoja mpaka saa sita, baada ya hapo wataosha, binti awepo asiwepo.

Nikatoka mbio. Gerezani siikumbuki. Kariakoo muuza kahawa mmoja alinipungia akicheka, nikashangaa ana moyo gani. Nilipofika Magomeni, mwanamke aliyekuwa anafagia uwanja akaniuliza, kwa utani wetu wa kila siku, nani kafa leo. Nilijipapasa kichwani. Kofia nilikuwa nimeiacha nyumbani. Niliendelea mbele.

Nilikuwa nimeshapiga hodi katika nyumba nyingi. Nilijua namna ya kumkalisha mtu, namna ya kulitamka neno lile mara moja bila kulizungusha. Nilijiona hodari wa kazi hiyo. Lakini nilipoingia uani kwa dada nikamkuta anakuna nazi, naye alipoinua uso akaniona kichwa wazi, alifurahi mno. Aliuliza kama afya ndiyo imenileta mpaka kwake. Akanipa maji. Akasema ningoje kidogo, anifungie samaki wa kukaanga nimpelekee mama. Nilikaa pale na kikombe mkononi, dakika zinakwenda, naona aibu ya mdomo wangu ulioshindwa. Alikuwa anachagua samaki mkubwa.

"Dada," nikasema, "kofia nimeisahau nyumbani."

Alicheka kidogo. Kisha akanitazama, na mkono wake ukabaki juu ya sahani. Hakuniuliza ni nani.

"Wameshamwosha?"

"Bado. Wanakungoja mpaka saa sita."

Alifunga kanga kiunoni, akaacha nazi palepale, akatoka mlangoni akikimbia. Dada alikuwa mama wa watoto wanne, mnene, hajawahi kukimbia tangu utoto wetu. Kabla hatujafika Magomeni pumzi ilimwishia, akainama ameshika magoti, analia kwamba hatawahi. Hapo akili ikanirudia, maana jambo hili nilikuwa nalijua kuliko yeyote katika mji ule. Nilimwambia afunge mdomo avute hewa kwa pua. Tukimbie mpaka kwenye ule mwembe, tutembee mpaka nyumba ya pili, tukimbie tena. Asitazame mbali. Nilimshika mkono, nikapunguza mwendo wangu mpaka ukawa wake. Yule mwanamke wa Magomeni alituona tunarudi. Aliangusha ufagio.

Jangwani alianguka mara moja, akaamka mwenyewe. Gerezani alinitukana, nikamwacha atukane, maana mwenye pumzi ya kutukana bado anayo ya kukimbia. Kutoka Keko mpaka Temeke hakusimama hata kidogo. Nimewahi kuwapita watu wengi maishani mwangu, lakini sijapata kuona mbio kama zile za dada yangu.

Tulipoingia uani ubani ulikuwa unafuka na pazia limeshashushwa. Yule bibi alikuwa amesimama mlangoni, kata ya maji mkononi. Alimtazama dada, miguu yote vumbi na damu gotini. Alimpa maji anawe, kisha akampa ile kata.

Mimi nilibaki nje ya ukuta, kwa kuwa pale si mahali pa mwanamume. Nilisikia maji ya kwanza yakimwagika taratibu, na sauti ya dada, bado anahema, ikisema, "Mama, nimefika."