Ng'ombe wa Mama kwenye Bili ya Gharama

Nina hasira za karibu, sikatai. Mwingine angesoma lile sharti, akasonya, akaendelea kupima maharage yake. Taasisi moja ya serikali ilitangaza zabuni ya kuiuzia mahindi na maharage, na ndani yake ikaweka kwamba mwombaji awe na lori lake mwenyewe, lenye kadi ya jina la kampuni yake. Hapa Tarime sisi wa nafaka tunakodi malori. Mwenye lake tulimjua wote, alikuwa mmoja tu. Nikasema, thubutu! Nitakata rufaa.

Wenzangu sokoni walikuwa nyuma yangu, kwa mdomo. Ilipofika kumchangia wakili, huyu ana msiba Migori, yule mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Simu zikawa hazipokelewi. Mama yangu, mjane anayeishi peke yake Genkuru, ndiye aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa, na hakuwa na mwingine. "Ukishinda utanirudishia," aliniambia. Hakuuliza nikishindwa itakuwaje.

Dodoma, kwenye mamlaka ya rufaa za zabuni, nilikwenda peke yangu, na nikashinda. Sharti likafutwa, zabuni ikaamriwa itangazwe upya, na taasisi inilipe gharama za rufaa. Nilitoka nje nikatafuta wa kumpigia simu. Ya mama haikuwa na chaji. Za wengine nilikuwa nimechoka kuzisikia zikiita mpaka zinakata. Nikanunua soda, nikainywa nimesimama. Upweke wa kushinda, jamani, hakuna aliyenionya.

Zabuni ya pili waliomba wote walionikimbia. Mimi mtaji ulishaishia kwenye kesi. Akapata jirani yangu wa sokoni, na siku ile alipita akisalimia watu kushoto na kulia, mimi akaniruka. Nadhani aliona aibu. Iliniuma, nikatamani hata anitukane.

Kilichobaki ni kudai gharama. Wakili aliniambia niorodheshe nilivyotumia, nami nikaandika kama tunavyodaiana kwetu: ng'ombe mmoja wa maziwa, pamoja na ndama ambaye angekuwa ameshazaliwa. Kwetu ng'ombe wa mtu akikaa kwako, harudi peke yake. Wakili alinisihi nifute. Nikamwambia ng'ombe si wake.

Ofisa wa kukadiria gharama alipofika hapo akavua miwani. "Mama, na huyu ndama naye alikata rufaa?"

Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, kisha machozi yakanitoka, nikajifanya nafuta jasho. Ofisa aliona. Akanieleza kwa upole kwamba ng'ombe niliuza ili nimlipe wakili, kwa hiyo gharama ni ile ada ya wakili, nayo ataikubali kwa kiwango kilichowekwa. Nauli zenye tiketi, sawa. Ndama, hapana. Na kiwango chenyewe kilikuwa chini ya nilicholipa.

Nilifuatilia malipo mpaka mlinzi wa getini akaanza kuniita shangazi. Muda wote huo sikwenda Genkuru. Ningekwendaje mikono mitupu? Nilimpigia mama simu, nikamwambia bado kidogo, na yeye akanijibu nisijali, yuko sawa.

Fedha ilipoingia nikaenda nayo mnadani moja kwa moja. Kwa ng'ombe anayekamuliwa haikutosha. Ikatosha mtamba, jike ambaye hajazaa, mzuri wa umbo lakini mdogo bado, hata wa kupandwa hajafikia. Nilijaribu kupatana na mwenye ng'ombe mkubwa zaidi, akanipa kisogo.

Nilimfikisha mchana. Mama alitoka ndani ameshika ukuta, na mimi nikasahau hata kamba niliyoshika. Alikuwa amekonda, amezeeka, wala hakuna aliyeniambia. Nani angeniambia?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta?"

Alimpapasa mtamba shingo na mgongo, akainama kwa taabu kutazama chini ya tumbo. Alikuwa na furaha ya kweli, niliiona. Halafu akaniuliza, "Huyu atakamuliwa lini?"

Mama amefuga tangu utoto. Hesabu hiyo anaijua kuliko mimi.

"Mwakani, mama," nikasema, nikijua ni zaidi ya hapo.

Akacheka kidogo, akanishika mkono ili aweze kunyooka. "Haya. Nisipokuwepo, umkamue wewe," akasema, na akaenda polepole kumfungulia zizi.